Daktari Anajibu: Mafua ya Mzio Yanapotangulia Majira

Kuanzia Januari hadi Aprili sanduku la safu hii hujaa barua zinazofanana: mafua yasiyokwisha, macho yanayowasha, pua iliyoziba usiku kucha. Nyingi hutoka kwa wasomaji wetu walioko Ulaya na Marekani, ambako miti huanza kumwaga chavua wakati watu bado wamevaa makoti mazito, na chache hutoka huku nyumbani, ambako tatizo lina sura nyingine. Nimechagua nne, nikazifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa wengi wa wanaoniandikia wangeweza kuiandika wao.

Theluji bado ipo, mafua yamekwisha kuanza

Shikamoo, Daktari. Nina umri wa miaka 34, mzaliwa wa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa saba Hamburg. Nilipokuwa nyumbani sikuwa na aleji ya aina yoyote. Tangu miaka mitatu iliyopita, kila ifikapo Februari napata mafua ambayo hayaishi mpaka Mei: chafya mfululizo asubuhi, makamasi kama maji, macho na kaakaa kuwasha. Mwaka jana nilipewa antibiotiki mara mbili na sikuona nafuu. Rafiki yangu Mjerumani anasema ni chavua, lakini mimi siamini, maana nje kuna theluji na hakuna ua hata moja. Jambo jingine la ajabu ni kwamba nikila tofaa bichi midomo na koo huwasha, ilhali keki ya matofaa hainidhuru. Je, huu ni ugonjwa gani?

Marahaba, dada yangu. Rafiki yako amesema kweli. Mafua ya virusi huchukua wiki moja au siku kumi, mara nyingi huja na homa, koo kuuma au mwili kuchoka, na makamasi yake huwa mazito kabla ya kupona. Ya kwako yanakaa miezi mitatu, yanarudi mwezi uleule kila mwaka, ni maji matupu, na zaidi ya yote yanawasha. Muwasho wa macho, pua na kaakaa ndio alama ninayoiamini kuliko nyingine zote ninapotafuta mzio. Antibiotiki huua bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuuawa. Mtu akitaka kukuandikia tena kwa dalili hizohizo, muulize kwa heshima anatibu nini.

Kuhusu maua, wengi hudhani kama unavyodhani. Ua lenye rangi na harufu hutegemea nyuki na wadudu wengine, kwa hiyo chavua yake ni nzito, inanata, na haisafiri mbali. Miti inayokusumbua hutegemea upepo, haina haja ya kumvutia nyuki, na maua yake hata hayafanani na maua: ni vishada vyembamba vya rangi ya kahawia au kijani hafifu, vinavyoning'inia kwenye matawi makavu kabla majani hayajachipua. Kwenu wa kwanza ni ule ambao majirani zako huuita Hasel, ambao baridi ikilegea huweza kuanza Januari. Unafuatwa na Erle, mti wa kando ya mito na mifereji, mnamo Februari na Machi, kisha huja Birke, ule wenye gome jeupe uliopandwa hata kandokando ya barabara za mijini, unaotawala kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei. Yote mitatu ni ya ukoo mmoja na protini za chavua zake zinafanana mno, hivyo mwili unaoukataa mmoja huikataa yote. Ndiyo maana kwako msimu unaonekana mmoja mrefu, ingawa kwa kweli ni miti inayopokezana.

Tofaa nalo limo humohumo. Protini iliyo katika tofaa bichi inafanana na ile ya chavua ya Birke, na mwili wako unazichanganya. Yaweza kukutokea pia kwa pichi, cheri, karoti mbichi na zile njugu ziitwazo Haselnuss. Moto wa jiko huivunja protini hiyo, na ndiyo sababu keki haikudhuru. Kwa kawaida muwasho huishia mdomoni na hupita wenyewe. Lakini koo likivimba, ukapumua kwa shida, ukatapika au ukatokwa na vipele mwili mzima, hiyo si hali ya kungoja, piga simu ya dharura. Uwe mwangalifu hasa na maziwa ya soya, kwa sababu hunywewa mengi kwa mara moja, na baadhi ya watu wenye mzio wa Birke wamepata athari kali kwayo.

Umeshangaa kwamba Morogoro hukuwa na kitu. Mwili hauwezi kuwa na mzio wa kitu ambacho haujawahi kukutana nacho, na hata ukikutana nacho huchukua misimu kadhaa kutengeneza kingamwili za aina ya IgE, zile zinazoleta mzio, dhidi yake. Hali yako, ya kuhamia nchi mpya ukiwa mzima kabisa na kuanza kuugua mwaka wa nne au wa tano, ni ya kawaida sana kwa wahamiaji, na haina maana kwamba umedhoofika au kwamba baridi imekuingia kifuani.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya pua, kwa sababu matibabu yote yanategemea hapo. Chembe ya chavua inapotua juu ya utando wa pua na kukutana na hizo kingamwili, seli zilizo chini ya utando humwaga histamini papo hapo. Hiyo ndiyo chafya, muwasho na maji ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, la uvimbe unaoziba pua, na hilo ndilo linalokunyima usingizi. Utando ukishavimba siku nyingi mfululizo huwa mwepesi wa kuchokozeka: mwanzoni mwa msimu huenda ukahitaji chavua nyingi ili upige chafya, lakini baada ya wiki mbili tatu chembe chache zinatosha, na hata manukato au moshi wa sigara vinaweza kukuanzisha. Anayengoja mpaka aumwe ndipo atafute dawa hukuta pua imekwisha kufika hapo, na dawa ileile ambayo ingemtosha mwezi mmoja kabla sasa anaiona haifai. Kama kuna jambo moja ningependa kila msomaji wa safu hii alifuate, ni hili: kwa mzio wa msimu, matibabu huanza kabla ya msimu.

Kwako wewe maana yake ni kwamba dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, yaani dawa zinazotuliza uvimbe, kama vile mometasoni, flutikasoni au budesonidi, uianze wiki mbili kabla ya tarehe unayoanza kuugua kwa kawaida, na baridi ikiwa hafifu uianze mapema zaidi, kisha uitumie kila siku mpaka Mei, hata siku ambazo unajisikia vizuri. Ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote kwa pua iliyoziba, na hufika puani kwa kipimo kidogo mno, kwa hiyo neno steroidi lisikutishe. Haileti nafuu ya papo hapo. Hujenga nguvu yake kwa siku kadhaa, na ukamilifu wake huonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Wengi huipuliza siku mbili, wakaona haifanyi kitu, wakaitupa kabatini.

Wengine huikosea kwa namna ya kuitumia, na hapa naomba unisome polepole. Tikisa chupa. Penga kamasi taratibu. Inamisha kichwa mbele kidogo kana kwamba unatazama vidole vya miguu, usikirudishe nyuma. Shika chupa kwa mkono wa kulia unapopulizia tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto unapopulizia tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati ya pua, kwa sababu ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku hukauka na kutoa damu. Puliza huku ukivuta pumzi kidogo tu. Ukionja uchungu wa dawa kooni, ujue umeivuta kwa nguvu mno na imepita pua bila kukaa.

Juu ya hiyo, siku mbaya unaweza kuongeza kidonge cha kuzuia histamini kisicholeta usingizi, mfano loratadini au feksofenadini, na matone ya macho ya kuzuia histamini ikiwa muwasho wa macho haujatulia. Dawa nyingi za aina hii huuzwa kwenu katika duka la dawa bila cheti, lakini ukiwa mjamzito au unanyonyesha zungumza kwanza na mfamasia au daktari wako.

Kuhusu nyumba, najua desturi ya Wajerumani ya kufungua madirisha wazi kila siku hata kwenye baridi, na katika nyumba nyingi za kupanga mwenye nyumba husisitiza hivyo ili kuta zisiote ukungu. Usiache kupitisha hewa. Chagua saa tu. Ushauri unaotolewa huko ni kwamba wakazi wa mjini wafungue asubuhi mapema na wa vijijini jioni, na baada ya mvua ndefu ni wakati mzuri kwa wote. Deutscher Wetterdienst, idara ya taifa ya hali ya hewa, hutoa utabiri wa chavua za mimea minane kwa kipimo cha 0 hadi 3, na ukiutazama jioni utajua kesho ikoje. Nguo usizianike kwenye roshani. Na kama unajitanda mtandio au unavaa hijabu, kumbuka kwamba kitambaa hicho hubeba chavua za siku nzima: kivue mlangoni, kisifike kitandani, na nywele zisizofunikwa zioshwe au angalau zipanguswe kwa maji kabla ya kulala. Barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona husaidia pia, kwa kuwa chavua hizi ni kubwa kuliko virusi kwa mbali na huzuiwa kwa urahisi.

Ukifanya yote hayo kwa msimu mzima na bado unateseka, mwombe daktari wa masikio, pua na koo akupime ngozi au damu ili ithibitike ni chavua zipi, kisha mjadiliane kuhusu tiba ya kuuzoesha mwili. Ni tiba ya zamani. Daktari Mwingereza Leonard Noon alichapisha matokeo yake ya kwanza mjini London mwaka 1911, akitumia chavua za nyasi. Mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha chavua ileile inayomdhuru, kwa sindano au kwa kidonge cha chini ya ulimi, kwa muda wa miaka mitatu hivi, na manufaa yake huweza kudumu miaka baada ya tiba kukoma. Sindano huanzwa msimu ukishakwisha, kwa hiyo suala hili lizungumzwe wakati wa kiangazi chenu, usingoje Februari. Huhitaji subira, lakini ndiyo tiba pekee inayobadilisha mzio wenyewe badala ya kutuliza dalili.

Jambo la mwisho kwako: je, ukipanda ngazi unakohoa, au usiku kifua kinapiga filimbi? Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na watu wengi wenye mzio wa pua wana pumu ambayo hawajaijua. Jibu likiwa ndiyo, nenda ukapimwe kifua kabla ya kushughulikia hayo mengine yote.

Kidonge kinachonilaza kwenye usukani

Salamu nyingi, Daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mzaliwa wa Bukavu, nasambaza vifurushi kwa gari mjini Austin, Texas. Hapa mwezi wa Desemba na Januari watu wengi huugua kitu wanachokiita homa ya mierezi, nami kimenipata. Nikimeza kidonge cha aleji nasinzia nikiwa barabarani. Nisipomeza, napiga chafya mpaka macho yanajaa machozi na sioni taa. Mwenzangu kazini anasema nimeze vile vya bluu vya usiku viwili kabla ya kulala, asubuhi nitakuwa sawa. Ni kweli?

Ndugu yangu, usifuate ushauri huo. Vidonge hivyo vya usiku mara nyingi vina difenihidramini, dawa ya kuzuia histamini ya kizazi cha kwanza, yaani zile za zamani, ambayo huingia kwenye ubongo na kuupunguzia kasi. Hatari yake kubwa ni kwamba anayeitumia anaweza kujiona yuko macho kabisa huku mguu wake ukichelewa kukanyaga breki, na ukungu huo huweza kubaki mpaka asubuhi. Ni hivyohivyo kwa klorofeniramini, ambayo Afrika Mashariki tumeizoea kwa jina la Piriton. Dereva asizitumie.

Katika vidonge vyote, kinachomfaa zaidi mtu wa usukani ni feksofenadini, kwa sababu hakiingii ubongoni kwa kiasi cha kumletea mtu usingizi. Loratadini ni ya pili. Setirizini ni nzuri kwa chafya, ila baadhi ya watu huwasinzisha, kwa hiyo usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Feksofenadini imezwe kwa maji matupu. Ukiimeza kwa sharubati ya machungwa, ya balungi au ya tofaa, mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dawa, na nimewahi kuona watu wanaolaumu kidonge ambacho kosa lake lilikuwa glasi ya sharubati ya asubuhi.

Adui yako ni mwerezi wa milimani, ambao kwa elimu ya mimea ni wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Miti dume huiva wakati wa baridi, na siku kavu yenye upepo wa kaskazini huachia chavua kwa wingi kiasi kwamba mlima huonekana unafuka moshi. Kwa kuwa msimu wenu ni mfupi na mkali na tarehe zake zinajulikana, wewe ndiye mtu hasa wa kufaidika na dawa ya kupuliza iliyoanzwa mapema: ianze mwishoni mwa Novemba au siku za kwanza za Desemba, kwa utaratibu niliomweleza dada wa Hamburg, na uiendeleze mpaka katikati ya Februari. Marekani huuzwa bila cheti cha daktari, na zile zisizo na jina kubwa la kibiashara ni za bei nafuu na zina dawa ileile.

Soma pia maandishi madogo ya vidonge unavyonunua kwa ajili ya pua iliyoziba. Vingi vina fenilefrini, ambayo jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilikubaliana Septemba 2023 kwamba ikimezwa haifungui pua. Pseudoefedrini inafungua, lakini hupandisha shinikizo la damu na huwanyima watu usingizi, kwa hiyo mwenye presha aiepuke. Ndani ya gari, funga madirisha, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na uombe kichujio cha hewa ya ndani kibadilishwe kabla ya Desemba. Katika magari mengi kiko nyuma ya kisanduku cha mbele cha abiria na ni kazi ya dakika chache. Ukimaliza kazi, oga na ubadilishe nguo kabla ya kuketi na familia.

Matone yamekuwa bwana wa pua yangu

Hujambo, Daktari? Mimi ni mwalimu wa kiume wa shule ya msingi mjini Nakuru. Mwaka jana, mijakaranda iliyoko uani pa shule ilipochanua, pua yangu iliziba, nikanunua matone ya puani. Yalinifungua mara moja. Tangu siku hiyo siwezi kulala bila hayo. Sasa naweka hata mara sita kwa siku, na yakikaribia kwisha naingiwa na hofu. Je, niiombe shule iikate miti?

Mwalimu, sijambo, na miti iacheni. Mjakaranda huchavushwa na wadudu, chavua zake ni nzito, na kwa kawaida huanguka chini ya mti wenyewe pamoja na maua. Watu huulaumu kwa sababu unaonekana. Katika nyanda za juu za Kenya chavua ninazozishuku zaidi ni za nyasi, ambazo huchanua mvua za masika zinapoelekea kwisha, na mtu anayeugua mwaka mzima namshuku zaidi kwa wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi ndani ya magodoro, mito na mablanketi, na kwa mende. Vumbi la chaki na moshi wa jiko si mzio, lakini hukera pua ambayo tayari ni mgonjwa.

Tatizo lako la sasa, hata hivyo, limeletwa na chupa. Matone ya oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua kwa kuibana mishipa ya damu iliyo ndani yake. Dawa inapoisha nguvu, mishipa hutanuka, na ikibanwa siku nyingi mfululizo hutanuka kupita ilivyokuwa mwanzo, pua ikaziba zaidi, ukaweka tena. Ndiyo maana hayatakiwi kuzidi siku tano. Huna uraibu wa kuonea aibu; una utando wa pua uliochoshwa, nao hupona.

Anza leo dawa ya kupuliza ya steroidi kila siku. Baada ya wiki moja, acha matone katika tundu moja tu la pua, uendelee nayo katika lile jingine, ili uwe na njia ya kupumulia. Tundu uliloliacha likifunguka lenyewe, ambako huweza kuchukua wiki moja au mbili, acha na la pili. Usiku kadhaa utakuwa mgumu. Inua kichwa kwa mto wa ziada na usafishe pua kwa maji ya chumvi. Maji hayo unaweza kuyatengeneza kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na bikaboneti ya soda kidogo katika glasi ya mililita 250, lakini maji ni lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Yasiyochemshwa, hata ya bomba, yanaweza kuwa na amiba ambaye akinywewa hana madhara, ila akipandishwa puani huweza kuingia ubongoni. Ni jambo la nadra, lakini huua.

Kisha ushughulikie kitanda. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kabisa, godoro litolewe juani mara kwa mara na kupigwa vumbi na mtu mwingine asiyekuwa wewe, na mazulia mazito yaondoke chumbani. Ukiona upande mmoja tu wa pua ndio unaoziba daima, au unatoa damu, au hunusi kitu tena, mwone daktari wa pua ana kwa ana, kwa sababu hayo si ya kutibiwa kwa barua.

Sindano, asali na mwezi wa Ramadhani

Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni mama wa Kizanzibari wa miaka 52, naishi Leicester, nina kisukari. Kila mwaka chavua za miti hunianza Machi. Jirani zangu wawili wanachoma sindano moja mwanzo wa msimu na wanasema hawaumwi tena mpaka kiangazi kiishe. Dada yangu anasema nile asali ya hapahapa na habasoda. Na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, sijui dawa ya pua nitaitumiaje nikiwa nimefunga.

Wa alaykum salaam, mama. Sindano hiyo nakuomba uiache, na kwako wewe nasema bila kusita. Ni steroidi ya kukaa muda mrefu inayodungwa kwenye msuli, na huzunguka mwili mzima kwa wiki kadhaa kwa ajili ya ugonjwa ulioko puani tu. Hupandisha sukari, hutuliza tezi za mwili zinazotengeneza steroidi ya asili, huweza kuacha shimo kwenye ngozi pale ilipodungwa, na ikishaingia haitoki. Madaktari wa Uingereza kwa jumla hawaipendekezi tena kwa mzio wa chavua, na mwenye kisukari ana sababu zaidi za kuikataa. Ile inayopulizwa puani haina shida hiyo. Mometasoni na flutikasoni hufyonzwa na mwili kwa kiasi kidogo mno, ingawa ni vyema kumjulisha daktari wa kisukari chako.

Asali ni chakula cha heri, lakini nyuki hukusanya chavua za maua, na za kwako ni za miti inayotegemea upepo, ambazo ndani ya asali ni chache sana. Kwa sukari yako kijiko cha kila siku ni gharama bila faida. Habasoda imefanyiwa majaribio madogo kwa wenye mzio wa pua na baadhi yalionyesha nafuu kidogo. Sikukatazi kuitia chakulani, ila isichukue nafasi ya dawa, na ukiitumia kwa wingi pima sukari yako mara nyingi zaidi, kwa sababu huweza kuishusha ukiwa tayari unameza dawa za kisukari.

Kuhusu funga, una bahati kwamba dawa zote mbili unazozihitaji hutumiwa mara moja kwa siku. Wanazuoni wana maneno mbalimbali kuhusu dawa ya kupuliza puani mchana, na hilo ni la kumuuliza sheikh wako. Kitiba huna haja ya kuitumia mchana. Ipulize baada ya futari, saa ileile kila siku, na kidonge cha loratadini au setirizini ukimeze usiku huohuo, maana nguvu yake hudumu saa 24 na itakufikisha futari ya pili. Anza wiki mbili za mwisho za Februari, msimu haujakolea. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, suala la kufunga kwenyewe lizungumze na daktari wako kabla mwezi haujaandama, na siku hiyohiyo mwonyeshe orodha nzima ya dawa zako, zile za pua zikiwemo.